Mtu Asiyekuwa na cha Kuacha

Vumbi la Pruitt halikuwa vumbi la mchezo. Likianza mwezi wa tano, basi mpaka majani yaanguke unalila kwenye mkate, unalilalia kitandani, na ukiwa kanisani umefunga mdomo kwa heshima unalisikia likisagika kwenye meno. Watu wa miji mingine ya Missouri walikuwa wakitucheka, wanasema ukitaka kumjua mtu wa Pruitt mpige mgongoni uone kinachofuka. Ndiyo maana halmashauri ilinunua gari la maji, pipa kubwa la mbao lililolazwa juu ya magurudumu na kuvutwa na nyumbu wawili, na nyuma yake bomba lenye matundu la kunyunyizia barabara. Na ndiyo maana Ferris Ottinger, dereva wa gari hilo, alikuwa mtu wa maana mjini kwetu, ingawa hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Ferris alikuwa ameshavuka arobaini, mrefu, mkimya, masikio yamechomoza chini ya kofia ya majani. Hakuwa na mke. Pombe alikuwa hajawahi kuionja. Hapo naomba nieleweke vizuri, maana watu wa kanisani walipenda kumtolea mfano mpaka akaona haya kukaa viti vya mbele. Ferris hakuwa mtakatifu. Harufu ya bia ilikuwa inamchefua tu, kama wengine wanavyochefuliwa na maini, na asiyekula maini sijaona anapigiwa makofi. Lakini ndivyo mji ulivyoamua, na mji ukishaamua jambo juu ya mtu, atazikwa nalo.

Sasa, kwingine huko Marekani mtu akiacha pombe wanasema amepanda gari la maji, na maneno yanaishia hapo. Jamaa mwenyewe yuko nyumbani kwake, kakaa kwenye kiti. Sisi Pruitt tulikuwa tunampandisha kweli.

Walioanzisha ni akina mama. Wanaume walikuwa wanaapa kanisani Jumapili, wanalia machozi ya kweli, halafu katikati ya wiki unawakuta kwenye baa ya Dietz wanafuta povu kwenye sharubu. Akina mama wakachoka na machozi. Wakaunda umoja wao, wakatoa sharti: anayetaka kuacha aje kwenye bomba la kujazia maji, mbele ya watu, aweke mkono juu ya pipa la gari la Ferris, aape, kisha apande akae kando ya dereva kwa wiki mbili, asubuhi hadi jioni, mji mzima umwone. Baa ya Dietz ilikuwa njiani, na gari lilikuwa halina namna ya kuikwepa. Sharti la pili lilikuja baadaye: aliyeapa asishike hatamu. Hilo lilitokana na fundi cherehani mmoja aliyemgeuzia Ferris nyumbu wakati Ferris ameinama kufunga mkanda, akaenda nalo gari mpaka wilaya ya pili. Walimkuta kaunta, na nyumbu nje wanamsubiri.

Mwenyekiti wa umoja huo alikuwa Bibi Cordelia Spangler, mjane wa Roy Spangler aliyekunywa mpaka akafa. Alikuwa mama mwenye mikono ya kazi, anapanda paa la nyumba yake mwenyewe kuziba panapovuja, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kana kwamba kicheko ni kitu cha kuiba. Kila siku mchana, Ferris akisimama pale bombani kujaza pipa, Bibi Spangler alikuja na kigari chake cha farasi, kaleta kipande cha pai kwa yule aliyeapa. Atamkalisha kwenye benchi la kivulini, atamshika mkono, atamuuliza amelalaje, kiu imekuwaje, moyo unasemaje.

Kwa Ferris, aliyesimama hapo hapo kashika mpira wa maji, alikuwa na maneno machache. "Jua leo, Ndugu Ferris." Naye Ferris anajibu, "Jua kweli, Bibi Spangler." Mazungumzo yameisha mpaka kesho.

Na Ferris alikuwa anampenda. Tusizungushe maneno. Alimpenda mpaka usiku anakaa kuchambua kama hiyo "jua leo" ya leo ilitamkwa sawa na ya jana, au ilikuwa na kitu ndani yake. Majira ya baridi, theluji ikifunika vumbi na gari likafungiwa bandani, alikuwa hamwoni ila kwa mbali, na majira ya baridi ya Missouri ni marefu kwa mtu wa namna hiyo.

Kiangazi hicho ninachokisimulia, aliyekaa kando yake alikuwa Amos Grubb, fundi wa kubandika karatasi za ukutani. Amos alikuwa mzoefu. Alikuwa ameapa kiangazi kilichopita, na kile cha kabla yake, na kila safari alishuka garini mnene kuliko alivyopanda. Kutwa nzima alikuwa anamsimulia Ferris habari za bia: bia ya baridi, bia ya asubuhi, bia unayokunywa ukiwa umesimama. Mtu mwingine angeshawishika. Ferris alikuwa anasubiri amalize ili amuulize Bibi Spangler kasema nini leo.

"Leo kanishika mikono yote miwili," Amos alisema siku moja, akilamba kidole kilichokuwa na sukari ya pai. "Unajua shida yako, Ferris? Wewe huumwi. Yule mama ni daktari, bwana. Daktari akae na mtu mzima wa afya amtibu nini?"

Amos akalamba kidole kingine, akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba siku atakayomaliza wiki zake mbili ana mpango wa kumposa Bibi Spangler. Alikuwa na hakika hatakataliwa. Mwanamke hawezi kumpikia mtu pai zote zile halafu akamkataa.

Ferris alitazama masikio ya nyumbu mpaka mwisho wa barabara. Maneno ya Amos yalimwingia, na yalimuuma kwa sababu aliyaona ni ya kweli. Alipiga hesabu ya wanaume wote ambao Bibi Spangler aliwahi kuwashika mkono, akakuta hakuna hata mmoja mwenye akili. Waongo, wazembe, mmoja aliwahi kuuza jiko la mama yake. Hao ndio waliokula pai. Yeye asiye na doa alikuwa amesimama pembeni miaka yote kashika mpira. Basi ikiwa kinachotakiwa ni ugonjwa, alisema moyoni, ugonjwa utapatikana. Atakuwa mlevi, halafu ataokolewa.

Kesho yake mchana, wakati Amos yuko kwenye benchi na pai yake, Ferris alipanda gari akaondoka peke yake, akasimamisha nyumbu mbele ya baa ya Dietz, akaingia.

Mle ndani kulikuwa na kelele, zikakatika. Mzee mmoja aliificha glasi yake ndani ya kofia na bia ikawa inamtiririkia magotini, hasemi kitu. Dietz alikuwa Mjerumani mpole mwenye sharubu za kusokota. Bila kuuliza alimmiminia Ferris glasi ya maji. Ferris akasema anataka bia. Dietz akamuuliza ametumwa na nani.

"Nimejituma mwenyewe."

"Ferris, mimi nina watoto," Dietz alisema kwa sauti ya chini. "Kama akina mama wanataka kunifungia baa, waje wafunge mchana kweupe. Wasinitegee mtu mwema."

Ilibidi Ferris amwapie. Hata alipopewa hiyo bia, wale wengine walikuwa wamesogea ukutani wanangoja akina mama waingie kwa madirisha. Alikunywa macho kafumba, kama mtoto anayenyweshwa mafuta ya mbarika. Ilikuwa na ladha ya maji yaliyofuliwa soksi. Akaomba nyingine. Akajikaza kisabuni akaomba ya tatu, na alipotoka nje aliikuta barabara imesogea kidogo upande wa kushoto.

Hapo sasa ndipo ulevi wake ulipoanza kumharibikia. Mlevi anahitaji kuonekana, na Ferris hakuonekana. Jaji na Bella, nyumbu wake, walikuwa wanaijua njia kuliko halmashauri yenyewe. Walimtoa pale, wakamchukua Amos bombani, wakakata kona zote inavyopaswa, wakasimama panapopaswa kusimamwa, na kila mtu waliyempita alivua kofia kumsalimu dereva hodari. Ferris akaona aimbe, kwa kuwa walevi huimba. Lakini nyimbo za baa alikuwa hajui hata moja. Aliimba wimbo wa kanisani, kwa sauti kubwa na bila mpangilio, na vikongwe waliokuwa barazani wakaacha kufuma wakamwitikia mpaka ubeti wa mwisho.

Kwa hasira, alisimamisha gari mbele ya nyumba ambamo umoja wa akina mama ulikuwa unakutana, akashuka, akayumba. Kuyumba hakukuwa kwa kuigiza. Aliangukia kwenye maua ya mke wa mchungaji, akabaki hapo chali, radhi kabisa, anangoja aibu ije.

Iliyokuja ni huruma. Watu walikimbia wakipaza sauti kwamba jua limempiga Ferris. Mmoja akachuma jani la kabeji, akalilowesha, akamwekea kichwani chini ya kofia. Mwingine akamtandazia kitambaa cha siki usoni, na hiyo siki ikameza harufu yoyote ya Dietz iliyokuwa imebaki. Bibi Spangler akatoka ndani, akapiga goti, akamgusa paji la uso. Katika miaka yote hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumgusa. Ferris alifumbua macho.

"Bibi Spangler," alisema, "nimelewa."

"Maskini," Bibi Spangler aliwaambia wenzake. "Ameanza kuweweseka."

Akaamuru apelekwe chumba chenye giza, kisha akarudi kwenye mkutano wao uliokuwa unajadili pombe.

Kesho yake asubuhi Ferris alilikuta gari lake limefungwa mwavuli mkubwa. Halmashauri ilikuwa imekutana ghafla na kukubaliana, kwa mara ya kwanza tangu inunue gari lenyewe, kwamba dereva wao anateswa na jua. Amos alifurahi sana kwa kile kivuli. Lakini furaha yake haikudumu, kwa kuwa Ferris hakukata tamaa. Alikunywa siku hiyo, akanywa na iliyofuata, na Amos, mtu wa watu, kakauka koo, ikambidi kukaa bega kwa bega na mtu aliyekuwa anatoa harufu ile aliyokuwa anaiota.

"Ferris, nakuomba kama ndugu yangu, sogea huko," alimwambia. "Unanukia kama peponi."

Amos alikuwa ameshaelewa kila kitu, na angeweza kusema. Hakusema. Alijua siku Ferris atakapohesabiwa mlevi, pai itagawanywa. Mjini nako, kila Ferris akizidi kunywa ndivyo watu walivyozidi kumwonea huruma. Akipita njia akiongea peke yake, wanasema anasali. Akisinzia hatamuni, wanasema mtu huyu anafanya kazi kupita kiasi. Nawaambia kweli, sijawahi kuona mtu akihangaika namna ile kupata sifa mbaya na kuikosa.

Ikafika Jumamosi ambayo Amos anamaliza. Watu walijaa bombani. Kama ilivyo ada, mwenye kumaliza alishuka akasimama mbele ya mwenyekiti, akafungua mdomo, akampumulia, na Bibi Spangler baada ya kumnusa vizuri akatangaza kwamba ni safi. Makofi. Amos akainama kama mwigizaji. Alikuwa kavaa kola mpya na nywele kazipaka mafuta, na Ferris alipoiona ile kola aliikumbuka ile posa. Leo ndiyo leo. Akashuka upande wa pili, akazunguka, akaweka mkono juu ya pipa lililolowa.

"Mimi, Ferris Ottinger, ni mlevi," alisema. "Naacha."

Watu wakaangua kicheko, kicheko cha mapenzi. Mchungaji alimshika bega akawaambia wote watazame unyenyekevu ulivyo, mtu asiye na hatia anajihesabu na wenye dhambi. Wapo waliotoa leso. Ferris alitazama huku na huku, mtu anayezama na watu wanampungia mkono, halafu akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

"Muulizeni Dietz."

Dietz alikuwa mlangoni kwake na aproni, anatazama umati kama alivyozoea kuutazama. Zaidi ya watu mia waligeuka kumwangalia. Alivua kofia. Alimtazama Ferris kama anayemwomba msamaha.

"Anakunywa," alisema. "Hajui kunywa. Lakini anakunywa."

Kicheko kikafa. Amos akajitia hamnazo, anakagua kola yake. Ferris hakumtazama mtu mwingine ila Bibi Spangler, akingoja uso ule ulainike kama ulivyolainika kwa wengine wote, mikono ile inyooke. Bibi Spangler alikuwa amekuwa mweupe kama unga. Alikuwa na kisu cha kukatia pai mkononi. Alimkabidhi mama aliyekuwa karibu naye, akapanda kigari chake, akaondoka.

Amos alimfuata mpaka getini kwake akamposa. Alikataliwa kabla hajapiga goti, na jioni ile ile alikuwa kwa Dietz, na kola yake mpya.

Sasa ikawa taabu. Ferris ameapa, na aliyeapa hashiki hatamu. Jumatatu alipanda garini akakaa upande wa walioapa, mikono magotini, chini ya mwavuli, akangoja dereva. Akaja mhunzi: Jaji akamkanyaga. Akaja diwani mmoja aliyejisifu kwamba alikulia shambani. Bella alimtazama, akapiga magoti, akalala na mikanda yake yote ya kuvutia gari. Nyumbu wale walikuwa hawamjui mtu mwingine na hawakuwa na haja ya kumjua. Watu wakamsihi Ferris aendeshe tu, jambo dogo hili, nani ataona? Ferris akakataa. Alikuwa ameishi kwa udanganyifu wiki nzima na ulimtosha.

Basi akakaa kutwa juu ya gari lisilokwenda, anatubu. Siku ya pili hivyo hivyo. Vumbi likarudi mjini. Nguo zilizoanikwa zikawa rangi ya tope, na wale waliokuwa wanamhurumia wakaanza kumpita bila kumsalimu. Hatimaye akapata ile sifa mbaya aliyoitafuta, akagundua haina ladha yoyote. Lakini hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni benchi la kivulini, lililokuwa tupu mchana wote.

Siku ya tatu Bibi Spangler alikuja. Hakuleta pai. Alisimama chini, kivuli cha kofia kimemfunika macho, akamuuliza swali moja tu: kwa nini?

Ferris angeweza kusema ni upweke, au ni joto. Wangapi walishasema hivyo wakaaminiwa. Lakini alisema ukweli, akiongea na magoti yake.

"Kwa sababu wanaokunywa unakaa nao."

Bibi Spangler akamwambia arudie. Akarudia. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuharibu, alimaliza yote: benchi, mikono, yale maswali ya umelalaje. Akasema yeye hajawahi kuulizwa na mtu amelalaje tangu mama yake afe.

Bibi Spangler alipoongea, sauti ilikuwa inatetemeka, na haikuwa kwa huruma.

"Niliishi na Roy miaka mingi, Ferris. Kila jioni namnusa kwanza, ndiyo namwambia karibu. Alipokufa nikarithi walevi wa mji mzima, nao nawanusa. Nawashika mikono ili nijue kama inatetemeka. Nawauliza wamelalaje ili nijue kama wamelala nyumbani. Katika mji huu kulikuwa na mwanaume mmoja tu ninayeweza kusimama karibu naye nisimnuse. Nikifika hapa nikakwambia jua leo, ukaniambia jua kweli, hiyo ndiyo ilikuwa dakika yangu ya kupumzika. Siku nzima ninayo hiyo moja. Umeichukua ukaenda kuimwaga kwa Dietz."

Ferris alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa na aibu ya kweli sasa, na hakuna jani la kabeji la kuifunika. Miaka yote aliyosimama pembeni akijihurumia, kumbe alikuwa ndiye mwenye sehemu iliyo bora, na hakuijua. Alitafuta neno la kusema, akapata lile lililokuwa juu ya mengine.

"Ilikuwa mbaya mno, Bibi Spangler."

"Nini?"

"Bia. Kila glasi. Nilikuwa nafumba macho. Sijui wanaipendea nini."

Bibi Spangler aligeuza uso upande wa bomba. Mabega yalimtikisika, na Ferris alidhani analia, mpaka alipoona kiganja kimeziba mdomo. Alicheka huku amekasirika, na hasira haikuisha, wala kicheko hakikuisha, vyote viwili vikamshika pale kwa muda. Kisha akapangusa macho. Akamuuliza kama atakitimiza kiapo. Ferris akasema kiapo ni kiapo. Akamuuliza nani ataendesha gari. Ferris akasema hapo ndipo hajui.

Bibi Spangler alivua glavu zake nyeupe, akakusanya sketi mkono mmoja, akapanda juu, akashika hatamu. Jaji akageuza kichwa kumtazama. Sijui nyumbu yule aliona nini, lakini alipiga hatua, na Bella akamfuata.

"Bibi Spangler, ngoja," Ferris alisema kwa hofu. "Mtu akikuona hapa juu atasema na wewe umeapa."

Walikuwa wanakaribia barabara kuu. Mbele ya duka la vitambaa walikuwa wamesimama akina mama watano sita wa umoja, vikapu mkononi. Bibi Spangler aliwaona, na kidogo hatamu zilimlegea.

"Nimewapandisha watu hapa miaka yote," alisema, kama anayejisemea. "Sijawahi kupanda hata siku moja nikaona wanavyotazamwa."

Akakaza hatamu akaingia barabara kuu. Jamani, watu wa Pruitt walitazama. Vikapu vilishushwa chini. Mke wa mchungaji alimnong'oneza jirani yake bila kugeuza shingo. Mchana haujaisha, kulikuwa na watu wanaojua kwa hakika kwamba Cordelia Spangler alikuwa anaficha chupa kwenye pipa la unga tangu enzi za Roy, na kwamba wao walishaanza kumshuku siku nyingi. Ferris aliona masikio ya Bibi Spangler yamekuwa mekundu kama nyama. Lakini hakuinamisha kichwa. Alipita mbele yao wote, akapita mbele ya Dietz, aliyevua kofia, akarudi akapita tena.

Jioni Ferris hakuweza kuvumilia. Alianza, "Bibi Spangler, nilikuwa nataka niseme," na hakufika mbali.

"Usiseme," Bibi Spangler alimkatiza. "Neno la mwanaume aliyekaa kiti hicho silipokei mpaka amalize. Roy alinichumbia siku ya tatu ya kuacha kwake, nikaona ni mapenzi."

Kwa hiyo Ferris akanyamaza. Na hapo mtu ambaye maisha yake yote hakuwa na kitu cha kuacha akajua Amos alikuwa anasema nini. Aliamka asubuhi na lile neno mdomoni. Alilimeza kwenye kila kona. Mchana kwenye joto lilikuwa kali zaidi, na mwenye kuambiwa amekaa hapo hapo kando yake, mkono wa nguo umekunjwa, anawasemesha nyumbu kwa majina. Akisikia midomo yake inafunguka yenyewe, alikuwa anakohoa. Bibi Spangler naye alikuwa anamsikia akikohoa, anatazama mbele.

Siku ya kumaliza, watu walijaa bombani kuliko walivyojaa kwa Amos, na nusu yao walikuja kumtazama mwenyekiti kuliko aliyeapa. Ferris alishuka, akazunguka mbele ya gari. Bibi Spangler naye alishuka. Wakasimama wanatazamana, vumbi limetulia, mji umetulia. Ferris akavua kofia, akasogea kama inavyotakiwa, akafungua mdomo ampumulie.

Bibi Spangler akarudi nyuma hatua moja.

"Funga mdomo, Ferris," alisema. "Wewe sikunusi. Ulichotaka kusema siku ile, sema. Nitakuamini."

Basi akasema.